Baraza la Tabora na Jumuiya ya London

Mtoto wa shule akiulizwa katika mtihani ni nani aliyegundua Ziwa Nyanza, bado wapo walimu wanaomtazamia aandike jina la John Hanning Speke na mwaka 1858. Akiandika hivyo hupewa vema. Mwandishi wa tahariri hii naye aliwahi kupewa vema hiyo, akaifurahia, na ilimchukua miaka mingi kujiuliza swali dogo ambalo mvuvi yeyote wa Mwanza angaliuliza siku ile ile: je, watu waliomwonyesha Speke njia ya kufika ziwani walikuwa wameijuaje?

Jibu la haraka tunalo sote. Wenyeji walilijua ziwa lao, walilivua na kulivuka kwa mitumbwi tangu enzi za mababu, na mgeni hawezi kugundua nyumba ambayo mwenyewe amemfungulia mlango. Jibu hilo ni la haki, na limesemwa tangu tulipopata Uhuru. Lakini halitoshi. Halitwambii kwa nini, kati ya maelfu ya watu walioliona ziwa hilo kabla ya Speke, ni jina lake tu lililobaki katika vitabu vya dunia nzima, vikiwamo vyetu wenyewe. Kisa chake si macho ya Speke, wala si bunduki yake. Nyuma yake ilikuwapo jumuiya ya wataalamu yenye chumba cha mikutano, jarida, maktaba na kabati za ramani. Kuhusu jumuiya hiyo, na kuhusu jambo tunalopaswa kujifunza kwayo bila kuisujudia, ndiyo maana tunaandika leo.

Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ilianzishwa London mwaka 1830. Haikuwa ya kwanza. Wafaransa walikuwa na yao mjini Paris tangu 1821 na Wajerumani mjini Berlin tangu 1828. Mwaka 1831 iliimeza Jumuiya ya Afrika, iliyoundwa mwaka 1788 na mabwana wachache wa London walioona ni aibu kwa zama zao kwamba ramani ya bara letu ilikuwa nyeupe katikati. Jumuiya hiyo ya zamani ndiyo iliyomtuma Mungo Park kuutafuta mto Niger mwaka 1795. Jumuiya mpya ilianza kuchapa jarida lake mwaka 1831. Mwaka 1854 ilitoa mwongozo wa wasafiri, ukieleza ni vyombo gani vichukuliwe safarini na jinsi ya kuvitumia. Mwaka huo huo Serikali ya Uingereza ilikubali kuipa paundi 500 kila mwaka, kwa sharti kwamba chumba chake cha ramani kiwe wazi kwa mwananchi yeyote anayetaka kutazama.

Tunawaomba wasomaji, hasa watumishi wa umma, walitazame sharti hilo kwa makini. Fedha ya umma ilitolewa, na kilichodaiwa kwa fedha hiyo ni mlango wazi. Ni ofisi ngapi leo zenye ramani zilizopimwa kwa fedha ya wananchi ambazo mwalimu akienda kuomba kuziona ataambiwa arudi kesho, na kesho yake ataambiwa mwenye ufunguo amesafiri?

Kazi ya jumuiya hiyo ilikuwa sahili kuieleza, ingawa haikuwa sahili kuitenda. Mtu aliyerudi safarini alisimama mbele ya watu waliolijua jambo lake, au waliodhani wanalijua, akasoma taarifa yake. Wakamhoji. Wengine walimkanusha waziwazi. Kisha taarifa na mabishano yakachapwa, ramani ikachorwa upya, na nakala zikawekwa mahali ambapo msafiri wa pili angeweza kuzisoma kabla ya kuondoka. Kwa njia hiyo msafiri wa pili hakuanza pale alipoanza wa kwanza. Hapo ndipo penye nguvu ya jumuiya ya namna hii. Kwenda mahali si kazi yake kubwa, kwa maana kwenda mahali hata mbuzi huenda. Kazi yake kubwa ni kukusanya, kuhoji, kuchapa na kuhifadhi.

Wala isidhaniwe kwamba mabwana hao hawakukosea. Walikosea sana, na mfano mmoja unatuhusu. Tarehe 11 Mei, 1848, mmisionari Johannes Rebmann, akitoka Rabai karibu na Mombasa, aliuona Kilimanjaro na weupe wake kileleni. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba alidhani kwanza ni wingu, akamwuliza kiongozi wake ni kitu gani kile cheupe. Yule kiongozi, mtu wa pwani asiye na neno la theluji katika lugha yake ya kila siku, alijibu kwa neno moja tu: baridi. Rebmann akaelewa. Habari zilipofika London, akatokea William Desborough Cooley, mjumbe wa Jumuiya na hodari mkubwa wa vitabu, akasema haiwezekani kuwe na theluji karibu na Ikweta, na kwamba mmisionari ameona kwa macho ya tamaa. Cooley hakuwahi kukanyaga Afrika. Mwaka 1852 alitoa kitabu kizima juu ya bara hili, na wapo waliomsadiki yeye kuliko mtu aliyekuwa amesimama chini ya mlima. Haikupita miaka mingi, Baron Carl Claus von der Decken alipanda mlima huo, mara ya kwanza mwaka 1861 pamoja na Richard Thornton, mara ya pili mwaka 1862 pamoja na Otto Kersten, akathibitisha kwamba theluji ni theluji. Jumuiya ile ile ikampa von der Decken nishani ya dhahabu mwaka 1864.

Neno la yule kiongozi lingalitosha. Alikuwa amelitaja jambo lenyewe kwa usahihi kuliko msomi wa London. Walakini neno lake halikuwa na njia ya kufika mahali pa hukumu isipokuwa kwa kalamu ya mtu mwingine, na lilipofika, liliwekwa mizani moja na ubishi wa mtu aliyekuwa hajaona kitu. Tukumbuke jambo hilo tunaposikia kwamba elimu haina mwenyewe.

Habari za maziwa zina fundisho kubwa zaidi. Cooley huyo huyo alikuwa amechapisha katika jarida la Jumuiya, mwaka 1845, makala juu ya ziwa moja kubwa mno katikati ya bara. Habari zake alizipata kwa wafanyabiashara wa pwani, mmoja wao Khamis bin Uthman, Mswahili. Miaka kumi baadaye mmisionari Jakob Erhardt, aliyekaa Tanga akiwahoji watu wa misafara kuhusu njia zao, alichora kwa kushirikiana na Rebmann ramani iliyokuwa na ziwa moja la kutisha kwa ukubwa, lenye umbo la koa, yule konokono asiye na nyumba. Wasomi wa London walicheka walipoiona. Lakini walicheka huku wakishtuka, maana hawakuwa na ramani bora ya kuipinga. Ndipo ikaamuliwa Richard Burton na Speke watumwe, na Serikali ya Uingereza ikatoa paundi 1,000.

Wale wapagazi na viongozi wa misafara waliomwambia Erhardt habari zao hawakudanganya. Mmoja aliyetoka Tanga kwenda magharibi alifika kwenye maji makubwa. Mwingine aliyetoka Bagamoyo naye alifika kwenye maji makubwa. Wa Kilwa kadhalika. Kila mmoja alisema kweli kwa njia yake. Kosa lilitokea mezani, pale mchoraji alipoziunganisha kweli tatu kuwa kosa moja, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwaweka wasafiri hao watatu katika chumba kimoja na kuwauliza: je, maji yenu ni yale yale?

Chumba hicho kilipatikana Kazeh, yaani Tabora. Burton na Speke walifika huko tarehe 7 Novemba, 1857, wakakaa zaidi ya mwezi mmoja. Mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir, Mwarabu wa asili ya Omani, mtu aliyesafiri sana na aliyewajua wasafiri wengine wote waliopita Unyanyembe. Hatumpambi. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe na wa watumwa, na utajiri wake ulitembea juu ya vichwa na mabega ya watu. Lakini alipoonyeshwa ile ramani ya koa aliifumbua papo hapo. Hilo si ziwa moja, alieleza, ni matatu: lipo la Nyasa kusini, lipo la Ujiji magharibi, na lipo la Ukerewe kaskazini, na hili la kaskazini ndilo kubwa. Mgogoro uliowashughulisha mabingwa wa London kwa miaka kumi na zaidi ulikwisha barazani Tabora, mbele ya wageni waliokuwa hawajaona hata ziwa moja kati ya hayo.

Tunalijua jambo hilo kwa sababu Burton na Speke, pamoja na kasoro zao nyingi, waliliandika. Laiti wasingaliandika, leo tungeambiwa kwamba maziwa yetu yaligawanyika matatu kwa akili ya Waingereza wawili.

Hapa panahitaji uadilifu wa hesabu. Snay alilijua ziwa, lakini hakuwa na namba ya kulitia mahali pake katika karatasi. Speke alipofika kusini mwa ziwa hilo mwezi wa Agosti, 1858, vyombo vyake vingi vilikuwa vimeharibika. Alichemsha maji, akapima joto la mchemko kwa kipimajoto cha kawaida cha bafuni, akapata kimo cha futi 3,740 juu ya bahari. Vipimo vya leo havipishani na hicho kwa zaidi ya futi 20 hivi. Lakini miezi michache kabla ya hapo, kwa njia iyo hiyo, yeye na Burton walilipa Ziwa Tanganyika kimo cha futi 1,800 na ushei, ilhali kimo chake cha kweli ni kama futi 2,500, na kosa hilo liliwasumbua wataalamu kwa miaka. Namba iliyoandikwa pamoja na namna ilivyopatikana inaweza kusahihishwa na mtu mwingine, hata kama aliyeiandika amekufa. Hiyo ndiyo sehemu ambayo Jumuiya iliongeza juu ya maarifa ya wenyeji, na si sehemu ndogo. Anayeibeza hajawahi kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa vijiji viwili.

Lakini sehemu waliyoiongeza si sawa na heshima waliyoichukua. Burton alipewa nishani ya dhahabu mwaka 1859, Speke mwaka 1861, James Grant mwaka 1864. Mwezi wa Julai, 1862, Speke alipofika pale mto Naili unapotoka ziwani, aliyaita maporomoko ya mahali hapo Ripon, kwa heshima ya bwana aliyekuwa rais wa Jumuiya safari ilipotayarishwa. Baker naye, mwaka 1864, aliyapa maporomoko mengine ya mto huo jina la Murchison, rais mwingine wa Jumuiya. Maporomoko ya Ripon hayaonekani tena. Yalifunikwa na maji ya bwawa la umeme la Owen, lililofunguliwa mwaka 1954. Yale ya Murchison yaliitwa Kabalega katika miaka ya 1970, kisha yakarudishiwa jina la yule rais. Na ziwa lenyewe, ambalo Waganda waliliita Nalubaale na watu wa upande wetu Nyanza, bado linaitwa Victoria katika nyaraka za nchi zote tatu zinazolizunguka, zikiwamo barua rasmi tunazozisaini sisi wenyewe.

Na wale waliowabeba? Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India, akarudi akiwa mtu huru. Alikwenda na Burton na Speke mwaka 1857, akaenda na Speke na Grant hadi Naili, akamwongozea Stanley msafara wa kumtafuta Livingstone mwaka 1871, kisha akavuka bara zima pamoja na Cameron kati ya 1873 na 1875. Hakuna Mzungu wa wakati wake aliyeijua Afrika ya kati kwa miguu kuliko Bombay. Jumuiya ilimtunukia nishani ya fedha, na mwaka 1876 ikampa malipo ya uzeeni. Ilikuwa haki, japo haikulingana na alichostahili. Hakuitwa kusimama mbele ya mkutano wa London na kusoma taarifa yake.

Chuma na Susi walikaribia kufika hapo. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, wao na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari, 1874, pamoja na madaftari yake na vyombo vyake vya kupimia. Baadaye waliitwa Uingereza, wakakaa na Horace Waller wakimfafanulia madaftari ya marehemu: hapa tulivuka mto gani, pale tulilala kwa nani, kijiji hiki kiko upande upi wa kile. Kitabu kikatoka mwaka 1874, na Livingstone ndiye mwandishi wake kwenye jalada. Jumuiya ikachonga nishani maalum kwa ajili ya watu wa msafara ule. Miaka mitano baadaye Jumuiya ilipotuma msafara wake kutoka Dar es Salaam kwenda Nyasa na Tanganyika, kiongozi wake alikuwa Keith Johnston. Huyo alifariki Behobeho mwezi wa Juni, 1879, mahali ambapo leo pamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Msafara ukabaki mikononi mwa kijana Joseph Thomson, mwenye umri wa miaka 21, ambaye hakuwahi kuongoza hata msafara wa siku moja. Ulifika na kurudi salama. Kila anayejua kazi ya ofisi anafahamu maana ya mkuu mpya asiye na uzoefu na msaidizi wake aliyeijua kazi kwa miaka mingi. Msaidizi huyo alikuwa Chuma.

Wapo ndugu watakaosema kwamba tunaipamba jumuiya iliyokuwa mkono wa ubeberu. Hawasemi uongo. Mwezi wa Septemba, 1876, Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliitisha mjini Brussels mkutano aliouita wa jiografia. Walihudhuria wakuu wa jumuiya za jiografia za Ulaya, akiwamo Rutherford Alcock, rais wa ile ya London, na wasafiri kama Grant na Cameron. Walizungumza habari za vituo vya kuwasaidia wataalamu na za kukomesha biashara ya watumwa. Kituo kimoja kilijengwa mwaka 1879 Karema, pwani ya Tanganyika, katika nchi yetu. Nini kilichofuata Kongo baada ya miaka michache, dunia nzima inakijua, na hatutaki kukirudia hapa. Ramani iliyochorwa kwa jina la elimu ilitandikwa mezani Berlin mwaka 1884 na 1885, na hakuna Mwafrika hata mmoja aliyeketi mezani hapo kusema mto huu unapita wapi na nani anaishi ng'ambo yake.

Sisi tunalichukulia jambo hili kuwa sababu ya kuwa na jumuiya zetu, wala si sababu ya kuzikimbia. Mwizi aliyeingia kwa ufunguo hakufanyi uache kutumia kufuli.

Tena tuseme neno kuhusu upande mmoja wa Jumuiya hiyo ambao walimu wetu hawausikii sana, kwa kuwa hauna simba wala mamba. Katika miaka ya 1880 Jumuiya iligundua kwamba inatuma watu kwenye ncha za dunia huku watoto wa Uingereza wakifundishwa jiografia kwa kukariri majina ya rasi na ghuba. Ikamtuma John Scott Keltie azungukie shule za Ulaya, aone wenzao wanafundishaje. Taarifa yake ya mwaka 1885 ilikuwa ya kuaibisha: Wajerumani walikuwa mbele sana, kwa ramani za ukutani, kwa vitabu na kwa walimu waliofunzwa. Keltie hakuandika tu. Vitu alivyovikusanya vilionyeshwa hadharani London, walimu wakaja kuvishika kwa mikono. Jumuiya ikachangia fedha ili Chuo Kikuu cha Oxford kimwajiri mwalimu wa jiografia, naye akawa Halford Mackinder, mwaka 1887. Cambridge ikafuata mwaka 1888. Somo ambalo leo lina idara katika vyuo vikuu vya dunia nzima lilisimamishwa Uingereza kwa sehemu kubwa na chama cha watu wa hiari waliokubali kukiri kwamba shule zao zilikuwa dhaifu.

(Jumuiya hiyo hiyo iliwapokea wanawake 22 mwaka 1892 na 1893, kisha wanaume wakagombana, mlango ukafungwa hadi 1913. Msomaji asidhani kwamba wasomi huwa na busara katika kila jambo.)

Turudi nyumbani. Hatuanzi na mikono mitupu. Mwaka 1936 lilianzishwa Dar es Salaam jarida la Tanganyika Notes and Records, ambalo baada ya Muungano lilibadilishwa jina likawa la Tanzania. Waandishi wake wengi wa mwanzo walikuwa mabwana shauri, maofisa wa misitu, wapimaji na wamisionari. Waliandika habari za magofu, za chemchemi, za majina ya milima, za desturi za ardhi, za samaki. Ukisoma kurasa zake unakasirika na kushukuru kwa pamoja: unakasirika kwa jinsi mwenyeji anavyotajwa kama sehemu ya mandhari, unashukuru kwa kuwa bila karatasi zile mambo mengi yangepotea. Wanajiografia wetu nao wanayo jumuiya yao ya kitaifa, iliyopata jarida lake tangu miaka ya 1960 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni kazi ya heshima. Lakini jarida hilo ni la Kiingereza, na kwa kweli ni la vyuo vikuu. Mwalimu wa shule ya msingi wa Sikonge halioni, na mtendaji wa kijiji cha Kilwa hajui kama lipo.

Na hao ndio wenye maarifa. Mwalimu huyo anajua kisima kipi kilikauka na mwaka gani, kwa kuwa wanafunzi wake walianza kuchelewa darasani. Bwana shamba anajua mvua za vuli zilivyohama. Mtendaji anajua kwamba mpaka wa vijiji viwili uliandikwa kuwa ni kijito, na kwamba kijito hicho kimehamia upande wa pili wa mbuyu. Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, mpaka wa kijiji si habari ya wazee peke yao. Ni jambo la hati, la mahakama, na mara nyingine la damu. Mwaka 2022, katika kazi ya anwani za makazi, mitaa na barabara zilipewa majina nchi nzima kwa haraka iliyohitajika. Majina mengi ya kale yaliandikwa kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Mengine yaliachwa, yakawekwa majina mapya ambayo wazee hawayatambui. Nani aliandika sababu za jina hili kuchukuliwa na lile kuachwa? Karatasi hizo ziko wapi?

Mara nyingi tunajua ziko wapi. Ofisa anahamishwa; daftari lake linakwenda naye au linabaki katika boksi chini ya meza, na mrithi wake analitumia kuegesha mlango. Mwalimu mkuu anastaafu na kijiji kinampa khanga na kuku, hakuna anayemwomba aandike kurasa kumi za yale aliyoyaona kwa miaka thelathini. Kila kizazi cha watumishi wetu kinaanza kujifunza wilaya upya, kama Burton na Speke, ila bila Snay wa kuwapokea.

Tunapendekeza, basi, jambo dogo lisilosubiri bajeti. Jumuiya ya wanajiografia wetu na ifungue milango yake kwa walimu na watumishi wa wilaya, ikubali taarifa kwa Kiswahili, na ikubali kuzihoji kama zinavyohojiwa za maprofesa. Anayetuma taarifa aandike nani alimwambia, siku gani, na alipima kwa nini. Simu ya mkononi leo inaonyesha latitudo na longitudo kwa usahihi ambao Speke asingaliuota, kwa hiyo asiwepo wa kusingizia vyombo. Na yule mzee, mvuvi au mchungaji aliyesema habari yenyewe aandikwe jina lake juu ya taarifa pamoja na la mwalimu, si katika shukrani za mwisho. Mwalimu wa jiografia awatume wanafunzi wa kidato cha kwanza wakawaulize wazee wa mtaa majina ya mito, milima na mabonde, na wakirudi na majibu matatu yanayopingana asichague moja la kumpendeza. Ayaandike yote matatu, maana Tanga, Bagamoyo na Kilwa zote zilikuwa zimesema kweli.

Mkurugenzi wa wilaya hatuombi ajenge maktaba. Tunamwomba kabati moja katika ofisi ya elimu, lenye daftari la kuandikisha kila taarifa inayoingia na jina la aliyeileta, na lisilo na ufunguo unaosafiri.